Jicho la Ndani

Mzee Vasant aliiweka kamera juu ya kaunta, akaipangusa vumbi ambalo halikuwapo, kisha akauliza swali ambalo muuzaji yeyote angeuliza.

"Hii ina macho mawili, bosi. La kwanza linatazama mbele, hilo halina mjadala. La pili ndiyo uamue mwenyewe. Kuna aina ambayo jicho la pili unalibandika kwenye kioo cha nyuma, linaona anayekufuata. Na kuna hii, jicho la pili linatazama ndani ya gari. Wanaipenda watu wa teksi. Nikupe ipi?"

Jovitus alisukuma miwani yake kwa kidole kimoja. Alikuwa mkaguzi wa hesabu, mtu wa kusoma maandishi yote ya boksi kabla ya kununua hata balbu, na duka zima la vifaa vya magari lilikuwa limeshachoka kumsubiri. Nyuma yake alisimama mke wake, Celestina, mkoba mkononi, akilijua jibu. Nani asingelijua? Noah yao ilikuwa imeegeshwa mbele ya mlango, na bampa lake la nyuma lilikuwa limebonyea kama sufuria iliyoangushwa.

"Umegongwa nyuma," Mzee Vasant akasaidia, shingo ameinyoosha kutazama nje. "Chukua ya nyuma."

"Kimsingi, Mzee Vasant," Jovitus akasema, "tatizo langu haliko nyuma. Liko kwenye usukani."

Wateja wakacheka. Mzee Vasant hakucheka. Alimtazama Celestina mara moja, akainama kutafuta mfuko. Celestina akatabasamu, maana mwanamke akifedheheshwa na mumewe mbele za watu hana sura nyingine ya kuvaa. Ndani alikuwa anaungua.

Lile bonde la bampa lilikuwa na hadithi yake. Mwezi wa pili, Celestina aliegesha gari nje ya soko, akarudi na nyanya zake, akakuta amegongwa na aliyemgonga hayupo. Akamweleza mumewe. Mumewe akauliza kile alichokuwa akiuliza kila siku ya ndoa yao, kuanzia chumvi iliyozidi hadi mtoto aliyeugua: "Ushahidi uko wapi?" Hakuwa nao. Jovitus akapiga picha bampa, akaituma kwenye grupu la ukoo, kule Bukoba na kwingineko, na maneno chini yake: *Mama Evelina amefanya mambo.* Mashemeji wakamwaga vikaragosi vya kucheka. Halafu akakataa kulinyoosha. Alisema libaki hivyo ili mwenye kuligonga aliangalie kila asubuhi.

Na kila asubuhi aliliangalia kweli, kwa sababu kila asubuhi alikuwa barabarani. Celestina alikuwa na shule ndogo ya awali nyuma ya nyumba yao, Mkuyuni, na watoto wengi walitoka Igogo. Wazazi walimpenda kwa jambo moja kubwa: mwalimu mwenyewe ndiye dereva. Hakuna kijana wa kukodi anayesinzia, hakuna gari la kujazana. Wanamkabidhi mtoto mlangoni, wanamwona mtu mzima mwenye akili zake akifunga mkanda, wanarudi ndani kwa amani. Leseni yake ya udereva ndiyo ilikuwa shule yenyewe.

Kamera ikafungwa chini ya kioo cha kati. Jicho la mbele, Jovitus alisema, litarekodi daraja la Kigongo watakapoenda kwao Bukoba Krismasi, awarushie wale wa kwenye grupu waone. Jicho la ndani likamkazia macho Celestina. Programu ya kuitazamia ikakaa kwenye simu ya Jovitus, na namba ya siri akawa nayo yeye.

Ijumaa moja, watoto wameshashushwa, Celestina alikuwa anarudi Mkuyuni na Teodora, mwalimu mwenzake, Msukuma mcheshi asiyeweza kukaa kimya hata msibani.

"Hiki kidude kinatutazama sisi?" Teodora akauliza.

"Kinanitazama mimi. Wewe umepata lifti tu."

"Sasa mwalimu, si umegongwa nyuma? Mbona jicho liko huku?"

Basi Celestina akashindwa kujizuia. Alikuwa amelibeba lile neno la dukani kwa wiki nyingi na lilikuwa limeshamchosha. Akasukuma miwani ambayo hakuivaa, akashusha sauti tumboni, na Jovitus mwenyewe akaingia ndani ya gari: "Kimsingi, Mzee Vasant, tatizo langu haliko nyuma. Liko kwenye usukani."

Teodora akalia kwa kucheka. "Tena! Mwalimu, tena!"

Celestina akamwigiza Jovitus anayesoma boksi la balbu. Akamwigiza Jovitus anayeionja supu na kuuliza ushahidi wa chumvi. Alikuwa na kipaji, na hakuna aliyewahi kukijua, hata yeye. Walipofika Igogo, kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, mzee mmoja alikuwa anavuka akikokota baiskeli yenye gunia la dagaa. Celestina akasimama. Alisimama vizuri, mbali na mistari, mguu kwenye breki, bado anacheka.

Lori la mchanga likawagonga kwa nyuma, palepale penye lile bonde.

Noah ikarushwa mbele, ikampitia mzee na baiskeli yake. Dagaa wakatapakaa lami nzima. Watu wakamkimbilia mzee, kama ilivyo haki, na wakati wote wamemwinamia, lori lilirudi nyuma, likakata kona kwenye barabara ya vumbi, likapotea. Mzee Shimba, ndilo jina lake, alikuwa amevunjika mguu.

Jovitus alifika akiwa ametulia, shati limechomekewa. Trafiki alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari akichunguza bampa, na Celestina anamwonyesha: hapa, afande, hapa ndipo lilipotugonga.

"Hapana," Jovitus akasema. "Tuwe wakweli. Hilo bonde ni la mwezi wa pili. Picha ninayo." Na akaitoa, yenye tarehe yake. Kisha akamgusa mkewe begani. "Usiogope, Mama Evelina. Tuna kamera. Ushahidi upo."

Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Celestina alilipenda neno lile.

Jioni ile Jovitus alikaa sebuleni na simu yake. Celestina alikuwa mezani, anajifanya anamenya ndizi. Akaisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye simu: *Kimsingi, Mzee Vasant.* Akasikia kicheko cha Teodora. Akasikia habari ya balbu, habari ya supu, na kicheko tena, na tena. Akanyanyuka, akaenda kusimama nyuma ya kochi.

Kwenye kioo kile kidogo cha simu alijiona anacheka, mdomo wazi, mzuri kuliko alivyojidhania. Na katikati ya vichwa vyao viwili, kwenye kioo cha nyuma cha gari, aliliona lori. Lilikuja likajaa dirisha lote, uso wake wa bluu, taa moja imevunjika. Halafu kishindo, na vichwa vyao vikarushwa.

"Hilo hapo!" akasema. "Baba Evelina, hilo hapo! Limeonekana!"

Jovitus alirudisha nyuma video. Hakuirudisha kwenye lori. Aliirudisha kwenye supu.

"Huwa mnanicheka," akasema.

"Tulikuwa tunataniana."

"Hii itachezwa kituoni. Itachezwa mahakamani. Kila karani ataicheza. Kesho kutwa iko kwenye magrupu."

"Si waone lori?"

"Wataniona mimi."

Hapo Celestina akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku alipoagwa kwao kwenda kuolewa. Alipiga magoti, kama mama yake alivyomfundisha, akamwomba mumewe msamaha. Alisema amekosa. Alisema hatarudia. Aliomba kwa dhati kabisa, huku video, iliyokwisha kufika tena kwenye lori, ikiwa imesimama mkononi mwa mumewe, karibu na uso wake. Jovitus akamwinua kwa mkono.

"Nimekusamehe," akasema.

Celestina akalala usingizi mzuri, maskini. Asubuhi alimkuta mumewe mezani anakunywa chai, akamwuliza wataenda kituoni saa ngapi.

"Nimeshawatumia ya mbele, ile isiyo na sauti. Ya ndani nimeifuta."

Celestina hakuelewa. Alimtaka arudie.

"Nimekusamehe, Mama Evelina. Ndiyo maana nimeifuta. Sitaki mtu yeyote aone ulivyonifanyia." Akamega mkate. "Itakuwa ni faini tu. Nitalipa mimi."

"Na leseni? Na watoto?"

"Tutaajiri dereva."

Angemwendea trafiki akasema mume wangu amefuta ushahidi. Ungekuwa wewe ungesema, nami najua ungesema. Ni rahisi kusema ukiwa si wewe. Celestina aliwaza kazi ya mkaguzi aliyefuta ushahidi, akawaza Evelina wao chuoni, akawaza ndugu. Akanyamaza. Tena akafanya zaidi: alimwita Teodora, akamwomba kwamba akiulizwa mahakamani walikuwa wanacheka nini, asimtaje Baba Evelina. Ndivyo alivyomficha mtu aliyemtosa.

Video ya mbele ilionyesha gari limesimama, kisha linaruka mbele na kumvaa mzee. Mwendesha mashtaka alisema hiyo ni picha ya dereva aliyekanyaga mafuta akidhani ni breki. Teodora akaapa kuwa waligongwa na lori. Akaulizwa lori liliacha alama gani ambayo mume wa mshtakiwa hana picha yake tangu mwezi wa pili. Akaulizwa walikuwa wanacheka nini. Teodora, ambaye hakukaa kimya hata msibani, alimtazama Jovitus kwenye benchi la mbele, akamtazama Celestina, akasema, "Tulikuwa tunacheka tu."

Mzee Shimba akaja na magongo yake. Hakuwa na kinyongo, na hakuwa mwongo, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Mwalimu alikuwa amesimama," akasema. "Nilimwona kwa macho yangu. Alikuwa anacheka. Halafu gari likaja."

Hakimu akaandika. Celestina akatiwa hatiani, faini, na leseni ikafungiwa. Kabla ya hapo wazazi walikuwa wameshaanza kuwahamisha watoto mmoja mmoja, kwa heshima, kwa visingizio vya kuhama mtaa.

Nje ya mahakama mashemeji wa Celestina walimpongeza Jovitus. Hajakosa hata siku moja ya kesi, walisema. Kalipa bila kunung'unika. Wanaume wa namna hii wamebaki wachache. Yeye akasukuma miwani yake, akasema kimsingi ni wajibu.

Safari ya kurudi nyumbani aliendesha yeye. Celestina akakaa kushoto, mahali pa Teodora, na Teodora akakaa nyuma na mkoba wake mapajani. Taa ndogo ya kamera ilikuwa inawaka chini ya kioo. Jovitus alikuwa anaeleza jinsi ambavyo mambo yangeweza kuwa mabaya zaidi, na jinsi dereva wa kukodi asivyo gharama kubwa ukimpanga vizuri. Walipofika Igogo, kwenye kivuko, akapunguza mwendo akasimama, maana palikuwa na mama anavuka.

Celestina akalitazama lile jicho la ndani. Akasukuma kwa kidole kimoja miwani ambayo hakuivaa.

"Kimsingi, Mzee Vasant," akasema, kwa sauti ya mumewe, yote, hadi kikohozi chake kidogo cha mwisho, "tatizo langu haliko nyuma. Liko kwenye usukani."

Jovitus akageuka. Yule mama alishamaliza kuvuka na magari ya nyuma yalianza kupiga honi, lakini Noah haikuondoka.

"Zima hiyo kamera," akasema.

"Sina namba ya siri," Celestina akamjibu, kwa sauti yake mwenyewe sasa, na akaanza habari ya supu.