Mwendesha Kreni Nyuma ya Ndege ya Mafuta

Mara ya kumi na moja nilipoigonga ndege ya mafuta, mume wangu alicheka mpaka akajimwagia chai shatini.

"Mama Tina, unaua tena bantu?"

"Haiko bantu, ni ordinateur," nikamjibu, wala sikugeuka kutoka kwenye kompyuta.

Naitwa Berthe. Kwa miaka ishirini na miwili nimeendesha kreni ya juu katika kiwanda cha shaba hapa Shituru, mjini Likasi. Sebuleni kwangu, mahali ambapo majirani huweka kabati la vyombo, nimeweka kiti cha basi dogo, skrini kubwa, mpini wa kuongozea upande wa kulia na mpini wa injini upande wa kushoto. Ndege yangu ni Mirage ya kivita, na asije mtu akaniambia ni mchezo wa watoto. Kuiwasha tu kunataka swichi zaidi ya thelathini kwa mpangilio wake, na ukiruka moja, injini inanyamaza kama mkwe aliyenuna. Nilizijua zote kwa wiki tatu. Kupaa nilijua, kutua nilijua. Kilichonishinda kilikuwa kimoja tu, kujaza mafuta angani.

Iko hivi. Ndege kubwa ya mafuta inatangulia, ikikokota bomba refu lenye kikapu mwishoni. Wewe unakuja nyuma yake na kuuchomeka mrija wa ndege yako ndani ya kikapu hicho, nyote mkienda kilomita mia tano kwa saa. Kikapu hakitulii. Ukikikimbilia, kinakukwepa.

Jumamosi ile, saa nne asubuhi, nilikuwa na mtihani. Escadrille Kanga, kikundi cha marubani wa nyumbani wa Lubumbashi na Kolwezi wanaoruka pamoja kwenye mtandao, kilikuwa na nafasi moja. Unapewa majaribio mawili. Ukishindwa, unangoja mwaka mzima. Likasi haikuwa na mtu humo, na mwanamke hakuwamo hata mmoja. Niliitaka nafasi ile mpaka nikawa naiota. Na tangu mwenzao Ruffin wa Kolwezi aandike mbele ya wote, "Maman wa grue arudie ku grue yake," yaani mama wa kreni arudi kwenye kreni yake, niliitaka kwa hasira pia.

Saa ilipofika, Georges, mwalimu wa fizikia ambaye ndiye mkuu wa kikundi, akaniita kwenye spika za masikioni.

"Maman Berthe, uko prête? Unayaza tonne mbili, njo yote."

Nikasogea. Mita kumi. Mita tano. Ghafla kikapu kikaruka juu ya pua ya ndege yangu, na mikono yangu ikafanya ilichozoea. Mpini wa kreni ukiuachia unarudi katikati wenyewe, na kila kitu kinasimama. Kazini ukiona hatari, unaachia. Basi nikaachia. Lakini Mirage haisimami kwa sababu umeiachia! Ilizidi kwenda na nguvu zilezile nilizoipa, ikakata bomba, ikajipigiza chini ya mkia wa ndege kubwa, na skrini ikajaa moto. Rubani wa kweli asingekosea hivyo. Lilikuwa kosa la mtu wa kreni.

"Aksanti, maman. Tumeona," Ruffin akasema.

"Pumuzika dakika tano," Georges akasema. "Inabakia essai moja."

Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Safari hii Séraphin hakucheka. Kabla ya kustaafu, mume wangu huyu alikuwa mpiga ishara kiwandani. Yeye alisimama chini, mimi niko juu kwenye kreni, akinionyesha kwa mikono pa kupeleka mabamba ya shaba. Ndivyo tulivyojuana. Akaweka kikombe chini, akaja kando ya kiti changu.

"Uko unaangaria crochet," akasema. Ndoano ya kreni ndiyo tunayoiita hivyo.

"Haiko crochet, ni panier," nikasema, yaani kikapu.

"Ni kintu kimoja. Kinaning'inia, kinacheza. Kule ku atelier, ulikuwa unaangariaka crochet?"

Anayetazama ndoano huikimbiza kila inapoyumba, na mzigo unazidi kuyumba. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua hilo.

"Ulikuwa unaangaria nani?" akauliza.

"Weye."

"Basi, angaria minye. Na mukono usiachie."

Akasimama ubavuni mwa skrini, mgongo umenyooka, akainua kiganja.

Jaribio la pili likaanza. Kiganja chake kikasema mbele, polepole. Nikasukuma injini kidogo. Kidole kikapanda, nikapanda. Kikapu nilikiona pembeni mwa jicho kikihangaika, nikakiacha kihangaike. Ndipo nikaiona ndege kubwa yenyewe. Ilikuwa imetulia tuli, mabawa hayatikisiki, kumbe ndiyo ya kutazamwa.

"Baba Tina, toka apo. Nimeisha kuona."

Akasogea kando. Nikakaza macho kwenye tumbo la ndege kubwa. Mita tatu. Upepo ukanisukuma kushoto, na mkono ukataka kuachia.

"Kaa!" nikaukemea kwa sauti. Ukakaa. Mita moja. Mtikiso mdogo, kisha taa ya kijani ikawaka.

"Contact," Georges akasema kwa sauti ya chini.

Kilo mia tano. Kilo elfu moja. Ndege kubwa ikaanza kukata kona, jambo ambalo hakuna aliyenionya. Nikageuka nayo bila kushindana, kama ninavyoufuata mzigo unakoelekea. Elfu moja mia tisa. Elfu mbili, tani mbili kamili.

"Imeyala," Georges akasema. "Maman Berthe, karibu ku Escadrille Kanga!"

Nilipiga vigelegele hadi masikio ya wote kwenye mtandao yakaziba. Séraphin alikuwa ameshafungua mlango na kutoka barabarani.

"Bibi yangu amekunywa essence mu hewa!" alikuwa akipaza sauti, akimaanisha mafuta. "Mu hewa!"

"Iko wapi ile essence?" jirani yetu mmoja akauliza, akishuka kwenye baiskeli. "Atuletee na siye!" Lakini alipiga makofi, na waliokuwa wakipita nao wakapiga, bila kujua ni ya nini. Sijawahi kujisikia mkubwa vile, hata siku niliyokabidhiwa kreni.

Georges akatuliza watu wake. "Mission ni kesho, misa ikiisha. Maman Berthe anapita mbele ku mafuta. Ruffin, weye unaruka nyuma yake."

Nilimsikia Ruffin akikohoa huko Kolwezi.

"Bien reçu," akaitikia mwishowe. "Maman... minye njo nakufwata."

"Unifwate muzuri, mutoto wangu," nikamwambia. "Na usinigonge."