Mashuka ya Kuzuia Moto

Lile rundo lilianza na matawi machache ya mtufaha, na Doreen Cropper hakulipenda tangu siku ya kwanza. Jirani yao mpya, Bwana Tunstead, mzee mjane aliyehamia kiangazi kile, alilirundika mwisho wa bustani yake, karibu na ua wa mbao. Upepo wa magharibi ukivuma, chochote kilichopo hapo huenda moja kwa moja kwenye dirisha la Wilf. Bustani yote ile, aone hapo tu?

Wilf ni mumewe, na mapafu yake yaliliwa na vumbi la machimbo ya mawe alikofanya kazi tangu ujanani. Majira ya baridi yaliyopita moshi wa watu wengine ulimlaza hospitali, na daktari hakumung'unya maneno: mara nyingine kama hiyo, huenda asirudi nyumbani.

Ungedhani basi Doreen angeenda kugonga mlango wa pili aseme shida yake, yaishe. Lakini wewe hukulelewa mtaa ule. Pale mtu hampelekei jirani mambo yake kabla hawajazoeana, na kuzoeana kwenyewe huchukua miaka. Isitoshe, kumkataza mtu jambo ambalo bado hajalifanya ni sawa na kumwita mbaya mbele ya uso wake. Doreen aliona afadhali atumie akili.

Mtaani hapo kila mwenye haya anajua kwamba jirani akiwa ameanika nguo, huwashi moto bustanini. Doreen akatoa mashuka mawili, moja la bluu na moja jeupe, akayaanika. Kesho yake akayatoa tena. Yakikauka, huyalowesha kwenye beseni na kuyarudisha kambani. Hata mvua ya rasharasha ikinyesha, aliyaacha huko huko.

"Bibie," Wilf alimwita toka dirishani, "hayo mashuka yamekukosea nini?"

"Yako kazini. We pumua tu."

"Si uende ukamwambie mtu wa watu?"

"Nimwambie nini, atuone wakorofi? Yule ana lake jambo, Wilf. Huoni anavyotuchungulia?"

Na kweli alikuwa akichungulia. Kila asubuhi Bwana Tunstead alitoka, akapima upepo, akaitazama kamba ya Doreen, akatikisa kichwa na kurudi ndani. Anavizia, Doreen alijisemea. Jioni mzee alichukua reki na kulichokoachokoa rundo polepole, ameinama kama anaficha kitu. Akikutana na Wilf langoni, huangalia viatu vyake mwenyewe, akanong'ona, "Pole sana, Bwana Cropper," kisha huyo, kaondoka. Pole ya nini? Asiye na hatia haangalii viatu! Rundo nalo likazidi kunenepa kwa majani makavu na vipande vya kiti kibovu, hadi likapita urefu wa ua.

Ikafika siku ya Wilf kwenda kupimwa kifua. Katika pilikapilika za kutafuta kofia yake, Doreen alisahau mashuka. Alikumbuka wakiwa ndani ya teksi. "Mashuka!" alisema, na Wilf akamwambia aache wazimu. Huko hospitali wakaambiwa daktari mwenyewe anaumwa, warudi wiki ijayo.

Waliposhuka nyumbani, moshi ulikuwa umeumeza ua wote. Na madirisha yalikuwa wazi, maana Doreen aliyaacha wazi makusudi ili Wilf akute hewa safi. Wilf alipiga hatua mbili tatu, akashika nguzo ya lango na kuanza kukohoa kikohozi kile kisicho na mwisho.

"Muuaji!" Doreen alipiga kelele juu ya ua. "Umengoja mpaka umetupata!"

Bwana Tunstead alichungulia, akaona, akaiva uso. Akakimbilia mpira wa maji, akalimwagia rundo. Moto uliomwagiwa maji ndio unaofuka kweli kweli.

"Acha! Unazidisha!"

"Mlete kwangu!" alijibu, tayari anakuja. "Upepo unatoka kwangu. Ndani kwangu hakuna moshi. Haya, Bwana Cropper, niegemee."

Hivyo ndivyo Doreen alivyoingia kwa mara ya kwanza katika jiko la mtu aliyemshuku vuli nzima. Wilf alikalishwa, akavuta dawa yake, akavuta tena. Midomo ilikuwa ya kijivu. Pumzi ilirudi kwa kujivuta, na Doreen hakumwachia mkono hadi aliposikia kifua kimetulia kidogo.

"Ulikuwa unatuvizia," alimwambia mzee.

"Nilikuwa nangoja mashuka yaingie, Bi Cropper. Leo nimeona kamba tupu na nyie mmetoka, nikasema afadhali, simkeri mtu."

"Na kwenye rundo? Ulikuwa unaficha nini?"

"Nilikuwa natafuta kalunguyeye, vile vinyama vya miiba. Huingia humo kulala. Ulitaka niwachome?"

"Sasa mbona hukuja kuuliza?"

Mzee akaangalia viatu vyake. "Ningeulizaje? Mashuka kila siku ya Mungu. Nikajua tu... mzee wako usiku hajiwezi tena. Marehemu mke wangu alimalizia hivyo. Mtu hamwaibishi mwenzake kwa jambo kama hilo."

Kisha Wilf akaanza kucheka, kicheko chembamba cha mluzi. "Yaani mtaa mzima wanajua... nakojoa kitandani?"

"Mimi sijamwambia mtu," Bwana Tunstead alisema haraka. "Ila Bi Lumb wa nyumba ya ng'ambo naye ana macho."

Doreen hakucheka. Aibu ilimpanda toka miguuni. Dirisha la jiko lile lilitazama kamba yake, ikining'inia tupu ndani ya moshi.

"Mume wangu mapafu yake mabovu," alisema. "Moshi unaweza kumuua. Tafadhali usichome."

Bwana Tunstead alingoja, akidhani kuna zaidi. "Hayo tu?"

"Hayo tu."

"Rundo ningelipeleka jalalani siku ile ile ya kwanza. Si nina gari hapo nje."

Wilf alikuwa ameacha kucheka, macho amefumba, akiitafuta pumzi nyingine. Doreen alimshikilia bega. Kuyasema yale hakukuchukua hata muda wa kuanika shuka moja.