Mashine Iliyokwenda Misri Bila Kamba

Mashine ya kukata sabuni ya Kang'ethe ilikuwa na kifua kibaya. Ikikohoa kiwandani, watu wa Kiamunyi walisema "pole" bila kujua wanampa nani. Anayebisha aende akawaulize. Kang'ethe peke yake ndiye aliyeweza kuituliza, kwa gia moja ndogo aliyoichonga mwenyewe kwa tupa, siku gia yake ya asili ilipovunjika.

Kisha wenye kiwanda wakaona sabuni itatengenezwa rahisi zaidi Misri, halafu irudi kuuzwa hapahapa Nakuru. Wafanyakazi wakaachishwa. Wa mwisho kutoka alikuwa Kang'ethe, maana ndiye aliyeambiwa aifungue mashine, aipange kwenye makasha.

Gia akaitia mfukoni. Kijijini alikozaliwa, Keringet, ng'ombe akiuzwa, kamba inabaki nyumbani. Mnunuzi huja na yake. Ukitoa kamba umetoa zizi zima. Kang'ethe hakuona wizi hapo.

"Hawafiki mbali bila mimi," alimwambia mkewe, Truphosa, nyumbani kwao mtaa wa Free Area. "Wataniita."

"Basi wakuite upesi. Wakala wa Saudi anataka jibu mwisho wa mwezi. Usipopata kazi naenda mimi, nikalee watoto wa watu. Wetu utabaki naye wewe."

Huyo wao alikuwa Wanjugu, binti yao wa chekechea.

Simu ikaja kweli.

"Niaje, mzee!" Alikuwa Jeff, msimamizi wao wa zamani, aliyepelekwa Cairo kuisimamisha mashine. "Huyu mnyama wako amekataa kazi. Kuna kitu ulibaki nacho?"

"Labda."

"Wacha mchezo, boss. Hata mimi kazi yangu ni mpaka iwake tu."

"Nitieni kwenye ndege. Gia haisafiri peke yake."

Jeff akacheka. "Hiyo ni sawa. Lakini wakubwa wataniuliza tiketi ni ya nini. Washa video niwaonyeshe."

Kang'ethe akawasha, na hapo kiburi cha fundi kikamponza. Aliipangusa gia kwa shati, akaigeuza huku na huku, akailaza juu ya rula, akahesabu meno kwa sauti kama mwalimu. Akaeleza hata ni jino lipi hulainishwa, na kwa nini. Truphosa alimkonyeza kutoka jikoni. Yeye akadhani anasifiwa.

"Wewe ni moto, mzee," Jeff alisema. "Kaa karibu na simu."

Akakaa karibu nayo. Akaenda kupiga picha ya pasipoti na tai ya kuazima. Alilala na simu kifuani mpaka, wanavyosema Free Area, ikajifunza kukoroma.

Jeff hakupiga. Alituma ujumbe wa sauti, na nyuma yake mashine ikinguruma vizuri, haikohoi hata kidogo.

"Mzee, walichonga ingine kutoka kwa ile video. Mimi pia wamemalizana na mimi, narudi Jumamosi. Usinikasirikie."

Truphosa alisikia yote. Hakumgombeza, afadhali angemgombeza. Alizima jiko, akamketisha Wanjugu sakafuni mbele ya baba yake, akampa Kang'ethe kitana.

"Gawa nywele katikati kwanza. Polepole. Nikishaondoka hutakuwa na wa kumwuliza."

Kang'ethe akagawa. Mkono uliozoea tupa ukavuta.

"Baba, unaniumiza!"

"Vumilia," mama yake akasema. "Anajifunza."