Iache Iungue

Mkoba wa Candida ulikuwa na vitu ambavyo mikoba ya wanawake wengine wa Magomeni haikuwa navyo. Chini ya rozari, kitana na leso mlikuwa na bisibisi fupi, waya wa kulehemia, na rilei mbili tatu, zile swichi ndogo zinazojivuta na kujiachia zenyewe ndani ya stabilaiza. Hata kanisani alikwenda nazo. Mumewe, Ansbert, alipenda kusema kwamba siku ya kiyama Candida atauliza kwanza kama taa za mbinguni zina mtu wa kuziangalia.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Kariakoo ilikuwa imefunguka, na maboksi ya televisheni, video na majokofu kutoka Dubai yalipangwa hadi barazani. Kwa kuwa umeme wa jiji ulipanda na kushuka upendavyo, kila aliyenunua televisheni alihitaji stabilaiza ya kuilinda, na kila mwenye stabilaiza hakukawia kumhitaji Candida. Meza yake ilikuwa ndani ya duka la vifaa vya umeme karibu na Mtaa wa Msimbazi. Mwenye duka alikuwa Ranjanben, mjane wa Kihindu ambaye wateja walimwita Mama Mihir kwa jina la mwanawe.

Candida alikuwa na stashahada ya elektroniki na mikono iliyosifiwa hadi Buguruni, lakini alitaka shahada. Watu walidhani anatafuta cheo, naye hakuwabishia, maana kumbishia mtu wa Kariakoo ni kazi ya siku nzima. Kwa kweli alikuwa amechoka kutibu mashine zilizobuniwa na watu wasioujua umeme wa Dar es Salaam. Alitaka siku moja abuni yake. Chuo kikuu kiliwaruhusu wenye stashahada kuingia moja kwa moja mwaka wa tatu wa uhandisi wa elektroniki, mradi wafaulu mtihani wa kuandika na wa vitendo. Aliyeshindwa angeanza mwaka wa kwanza, pamoja na vijana waliotoka sekondari jana.

"Miaka miwili meza yako nitaitunza," Ranjanben alimwambia. "Lakini minne, mwanangu? Hata mimi sijui nani atanitunza."

Katika duka hilo la kuponya vyombo vya watu mlikuwa na chombo kimoja kibovu, maana kinyozi hajinyoi. Ilikuwa redio ya mbao ya marehemu Ravindra, mume wa Ranjanben, iliyokaa kwenye rafu nyuma ya kaunta. Kila asubuhi iliwashwa, ikanyamaza, mpaka Ranjanben aipige kofi ubavuni, upande wa kushoto, kama marehemu alivyokuwa akiipiga. Hapo ndipo iliposema. Candida alikuwa ameomba ruhusa ya kuifungua mara nyingi kuliko alivyoomba kuongezwa mshahara.

"Achana nayo," Ranjanben alimjibu kila mara. "Redio hii haina ugonjwa. Ina desturi."

Mtihani wa kuandika ulipita salama. Ule wa vitendo ulifanyika maabara, mtahiniwa mmoja baada ya mwingine, na wote waliwekewa mashine ileile: stabilaiza iliyofunguliwa kifuniko. Karatasi ilisema watafute kilichoharibika na waeleze sababu yake. Candida alisoma nusu ya kwanza ya sentensi, na mkono ukawa umekwisha kwenda. Rilei ilikuwa imeungua. Aliijua kwa harufu kabla ya kuiona. Chuma cha kulehemu kilikuwa cha moto kwenye meza ya pembeni, na mkoba ulikuwa miguuni pake. Akaitoa mbovu, akatia nzima, akawasha, mashine ikanguruma vizuri. Kisha akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Rilei iliungua. Nimeibadilisha. Mashine ni nzima.

Alitoka akiwa na furaha ya mtu aliyekwisha vuka mto. Nje ya lango alinunua hindi la kuchoma, akasimama kivulini kulitafuna. Hakuwa amefika katikati ya hindi alipotoka mtahiniwa aliyemfuata, Fikirini, kijana wa Tanga mwenye stashahada kama yake, shati limemganda mgongoni kwa jasho.

"Dada, wewe uliona nini mle ndani?" Fikirini aliuliza. "Nimeipima juu chini, kulia kushoto. Haina ubovu wowote! Nimeandika haina ubovu."

Candida alilishusha hindi; ubovu ule yeye ndiye aliyeuondoa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, ila haya yalikuja kabla hata mtoto hajazaliwa.

Dokta Leodegar, mhadhiri aliyesimamia mtihani, aliwaita wote wawili. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyomlazimu msikilizaji kuinama kidogo. Fikirini aliahidiwa mashine nyingine na muda mwingine, akapumua. Candida akabaki amesimama mbele ya meza.

"Umelehemu vizuri," alisema Dokta. "Nimeangalia."

"Asante, Mwalimu."

"Usinishukuru bado. Kwa nini rilei iliungua?"

"Ilizeeka."

"Niliinunua juzi."

Dokta aliiokota ile rilei mbovu, akamwekea kiganjani. "Nimekuuliza huyu amekufa kwa nini, wewe umeniletea mwingine aliye hai. Kwa swali hili huna alama hata moja. Nenda naye huyu marehemu. Ijumaa uje unieleze kwa mdomo kilichomuua. Ukishindwa, tutaonana mwaka wa kwanza."

Dukani, Ranjanben aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la sari.

"Yaani umefeli kwa sababu umetengeneza?"

"Mama, usinicheke. Nimeumia."

"Sikucheki wewe. Nacheka kazi yetu." Kisha akaona uso wa Candida, akaagiza chai ya maziwa yenye tangawizi, dawa yake ya kila kitu.

Candida aliumia kweli. Kilichomuuma zaidi ya zile alama ni kwamba kwa miaka yote hiyo pale mezani, hakuna mteja aliyewahi kumwuliza kwa nini. Walimwuliza itakuwa tayari lini, na je, huwezi kupunguza kidogo. Naye polepole akaacha kujiuliza. Chombo kilichokufa aliona ni aibu kukiacha kimekufa hata kwa dakika tano, na alijivunia haraka hiyo. Mazoea yana taabu, hasa mazoea ambayo watu wanakusifia.

Kesho yake akaingia Pantaleo, Mchaga mwenzake mwenye baa Buguruni, amekumbatia stabilaiza ya televisheni yake kama mgonjwa anayepelekwa kliniki. Hiyo haikuwa mara ya kwanza wala ya pili.

"Mambo, fundi? Imekufa tena," alisema. "Leo usiku kuna mpira. Wateja watanila mimi."

Candida akaifungua. Rilei imeungua. Akaiweka mezani kando ya ile aliyopewa na Dokta, na zilifanana kama pacha, weusi mahali palepale. Akabadilisha, akafunga kifuniko, kisha badala ya kumkabidhi Pantaleo, akachukua mkoba wake.

"Twende, kaka. Nataka kuiona ikiwa kwake."

Ranjanben alitazama juu ya miwani. "Tangu lini fundi anamfuata mteja nyumbani?"

"Tangu leo, Mama."

Walifika baa jua likielekea kuzama. Televisheni iliwashwa, stabilaiza ikanguruma, kila kitu shwari. Candida akaagiza soda, akakaa karibu nayo. Giza lilipoanza kuingia, nyumba za jirani zikawasha taa, na mwenye mashine ya kusaga kule nyuma akaanza kazi ya jioni. Umeme ukashuka. Ndipo alipoisikia rilei. Ilijivuta, ikajiachia, ikajivuta, ikajiachia, ta-ta-ta-ta, haina hata nafasi ya kupumua. Picha ikawa inanywea na kutanuka, na wateja wakaanza kulalamika.

Mkono wa Candida ulikwenda kwenye swichi ya kuzimia. Aliuona ukienda, akaurudisha, akaukalia chini ya paja.

"Fundi, inanuka!" alisema Pantaleo.

"Iache."

"Inaungua!"

"Iache iungue, kaka."

"We dada, stabilaiza ni yangu hiyo!"

"Nitakulipa. Nipe dakika moja, nyamaza nisikilize."

Pantaleo akajishika kichwa. Candida alikaa akiisikiliza ikifa, na haikuwa rahisi. Jasho lilimtoka. Lakini kwa mara ya kwanza alikuwa akikitazama chombo kibovu bila kukiharakisha kupona, naye aliona kitu kilichokuwa mbele yake siku zote. Umeme ulikuwa umesimama juu ya kiwango kilekile, mstari uleule ambapo rilei iliambiwa ijivute na uleule ambapo iliambiwa ijiachie. Ukishuka kidogo tu, jivute. Ukipanda kidogo tu, jiachie. Rilei ilikuwa kama mtumishi wa mabwana wawili, huyu anamwita na yule anamfukuza kwa pumzi moja, na kila mwito ulitoa cheche. Ikanyamaza. Baa nzima ikaguna, ila Candida peke yake alikuwa anatabasamu, jambo ambalo Pantaleo hakulisamehe mpaka alipotiwa rilei nyingine kutoka mkobani, pamoja na kirezista, kizuizi kidogo cha umeme cha kuitenganisha miito hiyo miwili, ambacho hakikuwamo mwanzo. Ta, ikasema rilei. Kisha ikatulia usiku kucha.

Ijumaa, Dokta Leodegar alikuwa ameiweka tena ile mashine ya mtihani mezani, na rilei iliyoungua ndani yake. Kando yake chuma cha kulehemu kilikuwa kinafuka moshi. Candida aliutambua mtego, akaweka mikono mapajani.

Alizungumza bila kugusa kitu. Alieleza habari ya mstari mmoja wenye mabwana wawili, na mashine ya kusaga ya Buguruni, na jinsi ambavyo angeitenganisha mistari hiyo, wa kujivutia uwe chini na wa kujiachia uwe juu, pawe na pengo kati yake la kutulia. Alichora kwa kidole hewani mahali ambapo rezista ingekaa. Dokta aliuliza pengo liwe kubwa kiasi gani. Candida akasema hajui bado, na kwamba hilo ndilo mojawapo ya mambo yaliyomleta pale.

Dokta akachomoa chuma cha kulehemu ukutani. "Masomo ya mwaka wa tatu yanaanza mwezi wa kumi," alisema. "Usije na huo mkoba maabara."

Alirudi Kariakoo kwa miguu kuanzia kituo cha basi cha Fire, kwa sababu furaha ilikuwa kubwa mno kukaa kwenye kiti. Fikirini naye alikuwa amefaulu. Ranjanben alisikiliza habari yote, akamshika mashavu, akamwita binti yangu kwa Kigujarati. Kisha akageuka, akaishusha redio ya mbao kutoka kwenye rafu, akaiweka kwenye meza ya Candida na kuifuta vumbi kwa kiganja.

"Fungua," alisema. "Zawadi yako. Naona mkono unakuwasha tangu siku ya kwanza."

Candida akawasha chuma cha kulehemu, akaondoa kifuniko cha nyuma taratibu. Ranjanben alisimama kando, vidole vimeshikana, akiangalia mahali pengine. Haukupita muda akaiona: ncha moja ya waya, upande wa kushoto, lehemu yake imepata ufa mwembamba kama unywele. Kofi likipigwa hapo nje, ndani ncha zilikutana. Tone moja tu la lehemu lingetosha. Chuma kilikuwa tayari cha moto.

Aliutazama ule ufa, akamtazama Ranjanben aliyekataa kuangalia. Kisha akachomoa chuma, akarudisha kifuniko, akakaza skrubu moja moja, akaibeba redio hadi kwenye rafu yake.

"Imepona?" Ranjanben aliuliza, na sauti yake haikuwa na furaha hata kidogo.

"Nimeijua, Mama."

"Sasa itasema yenyewe?"

"Hapana. Piga palepale."

Ranjanben akainua mkono wenye bangili, akaipiga redio kofi ubavuni, na mtangazaji akaingia dukani katikati ya sentensi, akisoma salamu za wasikilizaji kwa ndugu zao walio mbali.