Herufi za Nyuma ya Migomba

Mwalimu Petro Mdoe alikuwa msomi. Enzi hizo za Mjerumani alikaa chuo cha misheni mwaka mmoja na nusu, akarudi kwao Bungu na cheti chenye mhuri, akakitundika ukutani, na kabla hajapata mtu wa kumsomea, mchwa walikuwa wameshakisoma mpaka upande wa nyuma. Kufundisha alijua, lakini. Alinyoosha fimbo ubaoni, darasa likaimba ba-be-bi-bo-bu, na mwisho wa mwaka wote wakawa wanasoma. Wote isipokuwa Amne.

Amne alikuwa mke wa Hiza, mama wa watoto watatu, mfinyanzi ambaye vyungu vyake vilishuka mlimani mpaka gulio la Korogwe. Mumewe alishabatizwa. Watoto nao walishabatizwa, hata yule wa mgongoni ambaye elimu yake yote ilikuwa kulia. Amne ndiye aliyebaki, maana sheria ya misheni ilikuwa nyepesi kabisa: mtu mzima habatizwi mpaka asome mbele ya wazee wa kanisa. Inaonekana mbinguni nako kulikuwa na karani mlangoni.

Basi kila Jumapili, mahubiri yakiisha, Mzee Semboja, mkuu wa wazee wa kanisa, alisimama na kuamuru wasiobatizwa watoke nje. Amne alimkabidhi Hiza mtoto, akatoka pamoja na wapita njia walioingia kusikiliza nyimbo. Miaka miwili alitoka hivyo. Mtihani alishashindwa mara mbili. Akishindwa mara ya tatu, jina lake lingefutwa daftarini, na darasani asirudi tena. Na jina la ubatizo alishajichagulia, Dorkasi. Alikuwa amelitunza kama kanga mpya ya kuvaliwa siku ya sikukuu.

Wa kueleza kwa nini hasomi hawakukosekana. Mzee Semboja alisema ni uvivu. Mke wa Mzee Semboja alisema ni mizimu ya upande wa mama. Bwana Mchungaji, Mjerumani aliyesoma vitabu vingi mno kuhusu watu ambao hajawahi kuketi nao, alisema vichwa vingine Mungu kaviumba vya kubebea mizigo tu. Petro mwenyewe, ukimbana, hakujua. Chuoni alifundishwa dawa moja tu ya asiyesoma, nayo ilikatwa kichakani. Lakini utamchapaje mama wa watu, na chungu unachopikia ugali kakifinyanga yeye?

Siku moja akamuuliza Amne mwenyewe, jambo ambalo kwa miaka miwili hakuna msomi aliyelifikiria.

“Moja moja nazijua, mwalimu,” Amne akamjibu. “Zikija kundi, zinatawanyika kama siafu waliomwagiwa majivu.”

Petro alikuwa na jicho jepesi. Aliona kwamba Amne akikwama, kidole chake kinachora herufi pajani. Akamwambia azifinyange kwa udongo.

Hapo ndipo mila ilipomkumbuka. Mwanamume hakaribii mahali wanawake wanapofinyanga. Akitia mguu tu, vyungu vitapasuka motoni. Hilo Wakristo walilijua, Waislamu walilijua, na ubatizo haukuwa umelipunguza hata kidogo. Basi msomi mwenye cheti akasimamishwa nyuma ya migomba, hatua thelathini, mgongo kageuza, akawa anafundisha kwa kupaza sauti kama muuza samaki. Wafinyanzi walicheka mpaka udongo ukawaponyoka. Wiki ya kwanza chungu kimoja kikapasuka, wakakubaliana kwamba mwalimu aligeuza shingo, akatozwa kuku. Aliapa kwamba hakugeuka. Kuku aliliwa hivyo hivyo, na kiapo chake.

Kwa kuwa Petro haoni, ilibidi Amne amweleze anachokishika.

“Ina mgongo mrefu. Tumbo liko mbele, chini,” alisema, kisha akaitamka: be. Wiki tatu hakukosea hata moja.

Ndipo Petro akazinduka. Huyu hana shida na herufi. Shida ni msongamano. Ukurasa kwake ni gulio, na yeye mwalimu kamtupa katikati ya gulio, kisha anamshangaa kwa kutomwona mtu mmoja. Aliona aibu, na akashukuru kwamba migomba haina midomo.

Akapaza sauti kwamba labda wazifunike herufi nyingine. Amne hakuuliza mara mbili. Alichukua kile kipande cha kibuyu anachokwangulia na kulainishia vyungu, akakitoboa kwa kisu tundu dogo la kupitisha kipande kimoja cha neno, akakitelezesha juu ya kitabu. Mstari wa kwanza ulichukua muda wa kuivisha maharage. Lakini aliusoma.

Siku ya mtihani wazee watano waliketi mezani, Bwana Mchungaji katikati. Ili watu wasikariri, Mchungaji alifungua mahali penye majina ya mababu, fulani kamzaa fulani, ukurasa mzima. Hata Mzee Semboja alikohoa. Amne akatoa kibuyu kwenye upindo wa nguo.

Mzee Semboja alisimama. Kibuyu, alisema, ni chombo cha waganga, na leo kimeingia nyumba ya Mungu. Yeye analijua jambo hilo vizuri, maana kabla hajaokoka alikuwa mteja wao mkubwa. Petro akajaribu kueleza kwamba ni chombo cha mfinyanzi tu. Akaambiwa akae. Mchungaji akaamua kibuyu kiwekwe chini, mama asome kama wengine, kwa macho aliyopewa na Mungu.

Amne akakiweka chini. Hakulia.

“Nimekiweka, Bwana Mchungaji. Sasa na wewe weka chini miwani yako, tusome wote kwa macho ya Mungu.”

Hiza alimtazama mkewe kama mtu anayeona paa lake linashika moto. Siku zile watu walilazwa chini wakapigwa viboko ishirini na tano kwa maneno madogo kuliko hayo. Mchungaji aliiva kama pilipili. Akavua miwani, labda aifute, labda apate la kujibu, macho yake yakaangukia kitabuni. Akakisogeza karibu na pua. Akakipeleka mbali, mpaka mkono ukaisha. Kisha akaivaa tena miwani, taratibu.

“Asome na kibuyu,” alisema.

Akasoma. Mababu walikuja tunduni mmoja mmoja, kama wageni wanaobisha hodi kwa adabu. Mzee mmoja alisinzia, akaota, akaamka, akakuta bado wanazaana. Amne alikosea mawili; moja alilirekebisha mwenyewe, la pili hakuna mzee aliyeligundua.

Akabatizwa Dorkasi. Jumapili iliyofuata Mzee Semboja aliwaamuru wasiobatizwa watoke, na Dorkasi kwa mazoea akainuka nusu, akaanza kumfungua mtoto mgongoni. Hiza akamvuta nguo. Akakaa.

Baada ya wiki mbili Mzee Semboja alionekana kule kwenye migomba, Petro akiwa papo hapo kituoni kwake na wanafunzi wawili wapya. Mzee, ambaye kwa miaka sita alitahini watu kusoma bila yeye kuombwa hata siku moja asome, alisema ametumwa tu na mkewe. Macho ya mkewe yamechoka. Anaomba kibuyu kimoja.

“Shikamoo, mzee,” Dorkasi aliita kutoka kwenye udongo. “Simama hapo hapo kwa mwalimu. Geuka. Haya, hii ina mgongo mrefu, tumbo liko mbele, chini. Ni ipi?”

Mzee Semboja aligeuka, akaipa migomba mgongo.

“Hiyo,” akasema, “mke wangu hakunituma.”

Petro akasogea pembeni kidogo, akampa nafasi ya kusimama.