Mashua Chini ya Matogoro

Kiwanda cha umma kilichotengeneza boti Dar es Salaam kilipofungwa, wenzake Pankrasi walifungua vibanda vya mitumba, kwa kuwa miaka ile kila mtu aliruhusiwa kuuza na kila mtu aliuza. Yeye akarudi kwao Songea na marobota ya faiba, madumu ya gundi yake na ndoto moja isiyouzika. Alitaka kutengeneza mashua ya tanga ya kutembelea ziwani, ya mtu kukaa na kupunga upepo, basi.

"Sasa bwana, samaki utaweka wapi?" aliuliza jirani yake Hironimus, fundi uashi.

"Hakuna pa samaki."

"Na maji? Utaleta na ndoo?"

Ziwa Nyasa lilikuwa mbali, ng'ambo ya milima ya Mbinga. Pankrasi alitabasamu tu, na watu wakamcheka mpaka wakachoka wenyewe.

Aliichora kwa mkaa kwenye sakafu ya banda, akaifuta, akaichora tena. Asubuhi alitazama ukungu unavyoteleza kwenye mgongo wa milima ya Matogoro bila kukwaruzika, kisha akarudi kurekebisha mstari wa tumbo la mashua. Mara nyingine alisimama katikati ya mchoro, akafumba macho, na sakafu ikaanza kuyumba taratibu chini ya nyayo zake. Alisikia tanga likijaa upepo. Mkewe, Edna, alimwita mpaka chakula kikapoa, naye hakujua kama ameitwa.

Mahindi yalivunwa, yakapandwa, yakavunwa tena. Alichonga umbo la mbao, akalilainisha, akalifunika kwa faiba na kutoa kalibu, ganda kubwa lenye sura ya mashua kwa ndani. Umbo la mbao lilipasuka wakati wa kulitoa, na mchoro ulikuwa umeshafutika chini ya miguu yake. Hakujali, maana kalibu lilibeba kila kitu.

Hironimus, mwenye kalibu lake la matofali, alielewa hapo hapo. "Kumbe utafyatua mashua!"

"Moja baada ya nyingine," alisema Pankrasi. Hilo ndilo alilolitaka kuliko yote, ziwa zima la matanga meupe, na yote yametoka bandani kwake.

Alipaka ndani ya kalibu nta ya nyuki kutoka Tunduru, tabaka juu ya tabaka, ili mashua isigande humo. Gundi ya faiba haimsubiri mtu, na mikono miwili haitoshi. Basi akaita majirani kama wanavyoitana kulima, na Edna akapika pombe ya komoni ya kuwashukuru. Mama yake Pankrasi, Bibi Walburga, mkunga wa jadi, akaja kutoka Madaba kusaidia.

Asubuhi ya kazi, Pankrasi akiwa ameenda kuazima brashi, mama aliliona lile kalibu limejaa mafuta mafuta, na wageni wako njiani. Akachemsha maji. Akalisugua lote kwa sabuni, majivu na gunzi la hindi, kama anavyosugua sufuria zake, mpaka likatakata. Pankrasi aliporudi, uwanja ulikuwa umejaa watu, naye akaanza kuchanganya gundi bila kulipapasa. Waliimba, wakatandaza faiba, wakapaka, wakatandaza tena. Hata waliokuwa wakimcheka walifanya kazi kama waliolewa kabla ya pombe.

Kesho yake mashua haikutoka. Waligonga, wakapenyeza kabari, wakamimina maji pembeni. Wapi!

"Tena nililiosha vizuri, mwanangu," alisema mama kwa fahari. "Lilikuwa chafu. Ningeona aibu mbele ya wageni."

Edna aliziba mdomo. Hasira ilimpanda Pankrasi. Gundi ilikuwa imekwisha hata ya kuokoteza, na ilibidi avunje kimoja, mashua au kalibu. Akaitazama mikono ya mama yake, ngozi imechubuka kwa majivu.

"Ahsante, mama," alisema, akachukua nyundo.

"Unavunja nini tena?"

"Hili ni kondo la nyuma, mama. Mtoto ameshazaliwa."

Mama aliafiki, hiyo ilikuwa kazi yake. "Basi lisitupwe ovyo. Lizikwe."

Walivunja mpaka jioni. Mashua ikajitokeza nyeupe, nyembamba, nzuri kupita alivyoiota. Pankrasi alichimba shimo nyuma ya migomba, akatia vipande kimoja kimoja, na kila kimoja alikijua mkunjo wake. Alijua hatatengeneza nyingine. Machozi yakamtoka. Mama akadhani ni furaha, akapiga vigelegele, na ukweli ni kwamba furaha nayo ilikuwemo.

Alipomaliza kushindilia udongo, alimkuta mama uani akilipapasa tumbo la mashua.

"Anaitwa nani?" mama aliuliza.

Pankrasi alipangusa mikono.

"Walburga," alisema.