Zimejifunzia Wapi?

Mkunga aliinua macho kutoka kwenye majibu ya damu, akauliza swali ambalo Cheche, fundi wa kuchomelea mageti, hakulipenda hata chembe.

"Mama, umewahi kubeba mimba nyingine?"

"Hii ndiyo ya kwanza," Cheche akamjibia mkewe. Mkewe alikuwa anatazama viatu vyake.

Mkunga akaeleza taratibu. Damu ya mama ni hasi, ya baba ni chanya, na mtoto huenda kachukua ya baba. "Mwili ukiingiliwa na mgeni, tuseme kirusi, hutengeneza kingamwili. Hizo humng'ang'ania mgeni huyohuyo, zikamzuia asiingie kwenye seli, zikamtia alama ili chembe nyeupe za damu zimmalize. Akirudi siku nyingine anakuta keshajulikana. Ndivyo chanjo inavyotukinga. Ila za mama hapa zimejifunza kuwinda damu chanya, na zinaweza kumfikia mtoto tumboni. Tutawapeleka hospitali kubwa wamfuatilie. Wengi huokolewa."

"Zimejifunzia wapi?" akauliza Cheche.

"Kwa kuongezewa damu. Au mimba ya nyuma. Angechomwa sindano mapema, zisingetokea."

Kwa alivyojua Cheche, mkewe hakuwahi hata kutundikiwa dripu. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea njia nzima, na kufika nyumbani akaanza upelelezi. Alipekua mkoba. Alinusa nguo. Fundi redio wa jirani, mzee wa watu ambaye hata mkate humshinda kutafuna, naye akawa mshukiwa kwa kosa la kusema "shemeji, habari." Akimuuliza mkewe, jibu ni machozi tu. Cheche akaenda chumba cha uani, kwa mama yake aliyekuwa anachagua maharage.

"Mama, yule mwanamke anarudi kwao. Alishabeba mimba ya mtu."

Mkono wa mama ukasimama juu ya ungo.

"Ilikuwa yako."

"Yangu lini?"

"Ulipokwenda kuchomelea lile daraja. Uliondoka hajajijua. Akasema usiambiwe kwenye simu, atakupokea na tumbo lake. Ikatoka ikiwa na miezi mitano." Mama akasogeza ungo kando. "Nikamwapisha anyamaze. Mtu akipanda juu kule na msiba kichwani, hateremki salama. Ningezika wawili."

"Na hospitali?"

"Walitaka abaki, wamchome sijui sindano gani. Nikamtorosha, watu wasije wakatuona. Nilikuwa nakukinga, mwanangu."

Cheche alitaka kufoka. Kisha akakumbuka mkoba aliopekua na nguo alizonusa. Aliona aibu, aibu hasa, ya mtu aliyemvua nguo mwenziwe mbele za watu. Akaondoka bila kuaga.

Chumbani mkewe alikuwa anapanga nguo kwenye begi.

"Usijisumbue kunifukuza," alisema bila kugeuka. "Naondoka mwenyewe. Niliapa, siwezi kusema."

Cheche akakaa ukingoni mwa kitanda. Matusi yote aliyokuwa ameyaandaa tangu kliniki yalikuwa yamemwishia.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Mkewe akaacha kukunja. Akageuka, gauni mkononi.

"Wa kike," alisema. "Siku zote hizo nilikuwa nangoja mtu aniulize."